Mbeleko Katika Sanduku la Abeke

Sehemu ya sita

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilikofika. Kwa aliyeokota gazeti leo nitaeleza kwa ufupi, maana si habari ya kujivunia hata niirefushe.

Jina langu Akanbi. Nafuma aso-oke, kitambaa chetu cha sherehe, mjini Iseyin. Nimewavika mabwana harusi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mwenyewe sijaoa.

Msichana ninayemtaka ni Abeke, binti wa Shemasi Oyeleke wa Ogbomoso. Mama yangu alimkataa, wala si kwa ubaya. Kaka yangu Olaniran ameoa miaka saba sasa, na mkewe Mojisola hajapata mtoto. Mama aliapa kwamba hatapeleka tena viazi vikuu vya posa nyumbani kwa mtu kabla hajasikia habari ya tumbo.

"Tumbo kwanza, ngoma baadaye," alisema.

Basi nikamwambia Mama kwamba Abeke ni mja mzito.

Ulikuwa uongo. Abeke hawezi kuwa na mimba yangu, kwa sababu mimi na yeye hatujawahi kulala pamoja. Ni mwimbaji wa kwaya. Alinipa sharti hilo mapema, nami nikalikubali bila kinyongo.

Mama alikubali posa siku ileile. Na Abeke hajui lolote.

Wiki iliyopita niliishia pale aliponipigia simu akicheka, kunieleza utaratibu wa kanisa lao. Jumatatu baada ya siku ya mizigo, siku tunayopeleka zawadi za posa kwao, mke wa mchungaji atamchukua kwenda kupimwa. Bibi harusi akikutwa na mimba, hafungishwi ndoa kanisani, na baba yake ataondolewa kwenye ushemasi mbele ya watu wote.

"Mimi nina wasiwasi gani?" alisema. "Wapime mpaka wachoke."

Sasa tazama mahali nilipokaa. Kwa kanisa, tumbo likiwepo hakuna harusi. Kwa mama yangu, tumbo lisipokuwepo hakuna harusi.

Na aliyejibana kati ya kuta hizo mbili ni mimi mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kibandani kama kawaida. Tunafuma vijana wanane chini ya bati moja, miguu kwenye vikanyagio, nyuzi zimevutwa mbele yetu hadi kule kwenye mawe yanayozikaza. Ni kazi ya mikono na miguu. Mdomo unabaki huru.

Sikiru alianza hata sijakaa.

"Baba Mtarajiwa! Mtoto ameamkaje?"

Kicheko. Nilikuwa nimewadanganya na wao vilevile. Ilinibidi, maana mama yake Sikiru ndiye anayemuuzia mama yangu nyuzi, na habari zisipolingana sokoni, mtu anakamatwa kabla ya adhuhuri.

"Ninyi mnacheka," Sikiru alisema, "lakini humu ndani mwenye akili ni Akanbi peke yake. Mtu ananunuaje jenereta bila kuiwasha dukani? Unaibeba mpaka nyumbani, umeme unakatika, unavuta kamba, kimya. Unavuta tena, kimya. Utamrudishia nani?"

"Na wewe nani amekuwasha?" aliuliza Bamikole.

Kibanda kizima kililipuka. Bamikole hufuma pembeni kabisa, karibu na mlango, na kwa kawaida maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kiganja.

"Mimi sihitaji kuwashwa," Sikiru alijibu. "Ukoo wetu wote tunawaka."

"Shangazi yako wa Saki aliachwa na mume wa kwanza, wakasema tasa. Akaolewa na wa pili, amezaa wanne. Jenereta mbovu ilikuwa ipi pale?"

"Bamikole, shangazi yangu mwache!"

"Nimemwacha. Nauliza tu habari za jenereta."

"Wewe unaongea hivyo kwa sababu huoi."

"Sioi, kweli. Harusi kwetu ni ya wazazi. Wao wanachagua rangi ya nguo, wao wanaalika, wao wanapiga picha katikati. Sisi tunaazimwa siku moja tuvae."

"Huoi kwa sababu hakuna aliyekubali uso huo!"

Walicheka tena, na mimi nikaona nafasi. Niliuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Hebu niambieni. Kanisa likimpima msichana wakamkuta na mimba, inakuwaje?"

Sikiru alitikisa bega. "Mnakwenda kufunga ndoa ya serikali, mnarudi, mnakula wali. Wazee watanuna mpaka siku ya kumpa mtoto jina, halafu watagombania kumbeba. La muhimu mtoto yupo."

Bamikole aliacha kufuma.

"Yupo?" aliniuliza. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kitambaa chake.

"Yupo," nikasema.

Uzi ukanikatikia mkononi. Mimi si mtu wa kukata uzi, na kila mmoja mle ndani analijua hilo. Nilipoinama kuuunga, nilihisi macho ya Bamikole kisogoni.

Niliamua kwenda kumwambia mama ukweli. Nilipanga maneno njiani, moja baada ya jingine, jinsi ninavyopanga nyuzi kabla ya kuanza kazi. Nitamwambia, Mama, nilikosa. Nitamwambia, Abeke ni msichana mwema, mpokee hivyo alivyo. Halafu nitalala kifudifudi mbele yake na sitainuka mpaka aseme neno.

Nilimkuta jikoni anasonga amala, ugali wetu wa viazi vikuu. Alikuwa anaimba.

Nilisimama mlangoni. Mama yangu alikuwa hajaimba nyumbani kwetu kwa muda mrefu, na nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti nzuri.

"Mama, nina jambo."

"Nalijua." Aligeuka na mwiko mkononi. "Unataka kuniomba nisiseme."

"Mama, siyo..."

"Akanbi, mimi si mjinga. Shemasi hajui bado, sivyo? Wasichana wa kanisani huficha mpaka pete iingie kidoleni. Mimi namlaumu nini? Ningekuwa yeye ningeficha vilevile." Akashusha sauti. "Mdomo wangu nimeushona. Hata Olaniran sijamwambia. Siku ya mizigo sitatamka neno, nakuapia kwa kaburi la baba yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Haya kaa ule. Umekonda. Baba wa mtoto hakondi."

Nikakaa, nikala. Nilikwenda kuufuta uongo, nikarudi umefunikwa kwa kiapo, na amala nimeshiba.

Nje nilimkuta Mojisola anachambua maharage. Kwetu mke hamwiti ndugu wa mumewe kwa jina. Tangu aingie nyumbani ameniita Bwana Uzi.

"Bwana Uzi, mama anaimba."

"Nimemsikia."

"Mara ya mwisho kumsikia anaimba ni mwaka nilioletwa mimi." Alitupa jiwe dogo pembeni, akaendelea kuchambua. "Sijaambiwa kitu, lakini nina masikio. Ikiwa ni kweli, siku ya mizigo nitacheza kuliko wote, na nitacheza kwa moyo. Ikiwa si kweli, kumbuka kitu kimoja. Wewe asubuhi utakwenda zako kibandani. Mimi ndiye nitakayebaki naye hapa jikoni."

Alinitazama kidogo, akainamia maharage yake.

Basi nikasema nitamwambia Abeke. Yeye akijua, tutatafuta njia pamoja. Nilimpigia simu. Akapokea mama yake.

"Akanbi, mkwe wetu! Kwema?"

"Kwema, Mama. Nilikuwa nauliza... huko mvua imenyesha?"

"Imenyesha, mwanangu. Mungu akubariki kwa kujali."

Kesho yake nilipiga tena. Abeke alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Jioni akanipigia mwenyewe. Alieleza habari za kilemba chake, jinsi kinavyomkataa kichwani, na jinsi dada zake wanavyombeza, akacheka peke yake, na mimi nikamsikiliza. Kila alipovuta pumzi nilisema moyoni, sasa. Halafu akaanza jambo jingine.

"Mbona umenyamaza?" aliniuliza.

"Nakusikiliza."

"Una kitu?"

"Sina."

"Haya," akasema.

Hiyo "haya" niliikumbuka baadaye.

Jumamosi, siku ya mizigo, ikafika. Sanduku la nguo za bibi harusi mama alilipanga mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. Olaniran alipotaka kulibeba, alimkatalia. Akalipakata magotini njia nzima mpaka Ogbomoso.

"Mama, litakuumiza," nilimwambia.

Akaweka kidole midomoni, akanikonyeza. Alikuwa anatimiza kiapo.

Uwanjani kwa Shemasi Oyeleke hema lilikuwa limejaa. Wao upande wa kulia, sisi kushoto, mizigo yetu katikati: viazi vikuu vimefungwa utepe, mafuta ya mawese, asali, chumvi, kokwa za kola. Upande wao walikuwa wamemkodi mama mmoja mwenye kipaza sauti kuendesha shughuli, mwanamke mnene wa sauti ya baragumu, ambaye hakumwogopa mtu.

"Nani hawa wanaoziba njia yetu?" alifoka.

"Ni wageni wema!" wakajibu watu wetu.

"Wageni wema hulala chini tukawaona!"

Tukalala kifudifudi, maana ndivyo waposaji wa kwetu wanavyowaheshimu wakwe. Mimi katikati, Sikiru kulia kwangu, Bamikole kushoto, na wengine wa kibandani nyuma, vifua vyote vumbini.

"Yule mwenye kofia nyekundu amelala au anajizuia asichafuke? Kifua hakijagusa!"

"Mama, ni kitambi!" Sikiru alilia.

"Kitambi bila mke? Nani anakulisha?"

Hema zima likaangua kicheko. Hata Shemasi alitabasamu. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. Alituinua mmoja mmoja kwa mkono wake. Aliponifikia mimi alinishika bega na kuniambia polepole, "Akanbi, binti yangu ananiambia wewe ni mtu mkweli. Ndiyo sababu nimekubali."

Nilimshukuru. Sijui nilitumia maneno gani.

Abeke akaingia akicheza, amefunikwa uso, wenzake wa kwaya nyuma yake. Alipiga magoti kwa wazazi wake, akaombewa. Akaja kwa mama yangu, akaombewa. Akaambiwa achague kitu kimoja katika mizigo yote, akachukua Biblia iliyofungiwa pete, watu wakashangilia. Mambo yalikuwa yanakwenda kama uzi usio na fundo. Nikaanza kujidanganya kwamba siku itapita, na kwamba Jumatatu ina Mungu wake.

"Sasa tuone," mama wa kipaza akasema, "kama watu wa Iseyin wanajua kuvika mke!"

Akafungua sanduku.

Alitoa vitenge, kimoja kimoja, akavipunga juu. Wakashangilia. Akatoa aso-oke niliyoifuma mwenyewe, rangi ya mvinyo. Wakashangilia zaidi. Akatoa viatu. Akatoa vilemba. Akaingiza mkono hadi chini kabisa, akatoa kitambaa chembamba kirefu, rangi ya nili, mistari myeupe.

Nilikitambua kabla hajakikunjua. Ilikuwa mbeleko.

Niliifuma mimi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza niliyoimaliza, nikiwa bado najifunza, na katika mstari wa tatu kuna kosa ambalo hadi leo naweza kuligusa nimefumba macho. Mama aliniagiza niifume mwaka alioletwa Mojisola. Ilikaa kwenye sanduku la mama miaka yote hiyo, haijabeba mtu.

Nilimtafuta Mojisola. Alikuwa amekaa nyuma ya Olaniran. Alikuwa ameiona. Hakuonyesha kitu usoni. Aliinama tu, akaanza kufuta vumbi kwenye kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

Kisha mama wa kipaza akapiga yowe la furaha.

"Ehee! Mama mkwe ana haraka! Hata wali haujaiva, yeye ameshaleta mbeleko!"

Watu wakacheka. Shemasi naye akacheka. Mama yake Abeke akainua mikono juu, akasema, "Amina! Iwe dua! Mapacha!"

"Amina!" wakaitikia pande zote.

Pumzi ikanirudia. Dua! Kumbe ni dua tu. Kila harusi ina dua ya watoto. Nilitaka kucheka kwa nguvu kuliko wote.

"Mama mkwe, njoo umfunge mwenyewe mkwe wako!" akaita mama wa kipaza. "Njoo tukuone ukicheza!"

Mama akainuka.

Alikuja akicheza polepole, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Akaipokea ile mbeleko. Abeke alikuwa amepiga magoti, amejiweka tayari, mgongo ameuinamisha ili afungwe kama anayebeba mtoto, jinsi wasichana wote wanavyofanya katika mchezo ule.

Mama hakwenda mgongoni.

Alipiga magoti mbele yake. Mama yangu, mtu mzima, akapiga magoti mbele ya msichana. Akaikunja mbeleko, akaiweka mapajani pa Abeke. Kisha akaweka kiganja chake tumboni mwake, pale chini ya kitovu, taratibu, kama mtu anayegusa uso wa aliyelala. Akafumba macho. Akakiacha pale.

Hakutamka neno. Alikuwa ameapa.

Ngoma ilikufa yenyewe. Mwenye ngoma hakuambiwa.

Kila mwanamke pale hemani anajua mkono ule unasema nini. Niliona mke wa mchungaji, mstari wa mbele, akivua miwani. Niliona mama yake Abeke akishusha mikono aliyokuwa bado ameiinua.

Shemasi akasimama. Alitembea hadi katikati, akampokonya mama wa kipaza kile kipaza sauti, akakizima, akakiweka mezani. Hakuwa na haja nacho.

"Mama Olaniran," alimwambia mama yangu kwa heshima. "Inuka, tafadhali."

Mama akafumbua macho. Akaniangalia mimi, na nikaona ameanza kuelewa kwamba amefanya jambo, ila hajui ni jambo gani.

"Baba," nikasema. Nilikuwa nimeshalala chini tena, kifua vumbini. "Baba, naomba niseme."

"Sikukuuliza wewe."

"Baba, ni mimi niliye..."

"Akanbi." Hakupandisha sauti. "Nyamaza. Nina binti. Nitamuuliza yeye."

Nilinyamaza. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kusema maneno matatu tu na kumwokoa, na kumpoteza. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile kwa nini ulimi wangu ulimtii, na jibu ninalolipata si jibu zuri. Kuna kipande cha moyo wangu kilichotaka mtu mwingine aseme.

"Abeke," Shemasi akauliza. "Una mimba?"

Abeke alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua kile kitambaa chepesi cha usoni, akakirudisha nyuma ya kilemba. Alimtazama mama yangu, machozi yake na vumbi lililoshika magotini. Akamtazama Mojisola kule nyuma. Halafu akanitazama mimi nilivyolala, na katika macho yale nikaiona ile "haya" ya kwenye simu. Alikuwa ananingoja. Alinipa muda. Mtu yeyote mkweli angeutumia.

Sikuutumia.

Akaichukua mbeleko mapajani, akaikunja vizuri, akaiweka begani.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Ni kweli."

Mama yake akapiga ukelele mmoja mfupi, akakaa chini. Mke wa mchungaji akasimama, akakusanya pochi yake. Sikiru, maskini, akanipiga kofi la mgongoni la pongezi na kuninong'oneza, "Si nilikwambia? Inawaka!" Upande wa kushoto nilimsikia Bamikole akivuta pumzi ndefu kama mtu aliyepigwa.

Mimi sikusikia kingine. Nilikuwa najaribu kuhesabu kitu kisichohesabika. Ama Abeke amesema uongo mbele ya baba yake na kanisa lake ili kunifunika. Ama hakusema uongo.

Shemasi alinigeukia. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Lakini Abeke alimtangulia. Alisogea kwa magoti hadi nilipolala, akainama mpaka kilemba chake kikaniziba jua. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, na aliitoa kwa kiasi cha hema zima kusikia.

"Mwambie Baba," akasema, "ni ya miezi mingapi."